Moto Hausahihishi Unga

(Hotuba kwa mafundi wa elektroniki na wanafunzi wa kemia, fizikia na uhandisi, Dodoma)

Waheshimiwa walimu, ndugu mafundi, wanafunzi, mabibi na mabwana. Wakubwa zetu, shikamooni.

Hapa mezani kuna vidonge vitano vya kauri. Kila kimoja kina kipenyo cha karibu milimita 11 na unene wa milimita moja na nusu. Vyote ni bariamu titaneti, na vyote vimepita katika tanuru moja. Kinachofaa kuwa kapasita, yaani kifaa cha kuhifadhi chaji ya umeme, ni kimoja tu. Vinne vimeharibika, na kati ya hivyo vinne, kilichoharibiwa na joto la tanuru ni kimoja. Vitatu vilikuwa vimekwisha kuharibika kabla swichi haijawashwa: kimoja kwenye mizani, kimoja kwenye vumbi, kimoja kwenye kalibu.

Tumeanza na vidonge hivi kwa sababu anayeingia katika kazi hii kwa mara ya kwanza huuliza tanuru kwanza. Linafika digrii ngapi? Linauzwa wapi? Maswali ya haki hayo, lakini tanuru halitengenezi kauri nzuri kutokana na unga mbaya. Mfinyanzi anayechoma vyungu vyake hapa Ugogo anajua kuwa kijiwe kilichobaki ndani ya udongo hakiondolewi na kuni nyingi; motoni ndipo kinapopasua chungu. Kwetu ni vivyo hivyo, isipokuwa kijiwe chetu hakionekani kwa macho.

Tueleze kwanza kauri hii ina nini. Fungua redio iliyokufa au chaja ya simu, utaona vidonge vidogo vya rangi ya udongo au ya buluu vyenye miguu miwili ya waya, vimeandikwa 102, 103 au 104. Hizo ni kapasita za kauri, na nyingi zimetengenezwa kwa bariamu titaneti. Ndani ya fuwele yake, ioni ya titaniamu imezungukwa na oksijeni sita. Joto likiwa juu ya digrii 120 hivi za Selisiasi, titaniamu hukaa katikati kabisa. Likishuka chini ya hapo, husogea upande mmoja kwa kiasi kidogo mno, na fuwele hurefuka kwa karibu asilimia 1 kuelekea upande huo. Basi kila chumba cha fuwele kinakuwa na upande chanya na upande hasi, na pande hizo zinaweza kugeuzwa kwa volti. Hiyo ndiyo maana ya feroelektriki. Jina linatoka kwenye chuma, yaani fero, kwa kuwa tabia yake inafanana na ya sumaku, ila chuma chenyewe hakimo humo. Na mtakavyoona, chuma ni adui.

Joseph Valasek aliiona tabia hii kwenye chumvi ya Rochelle huko Marekani mwaka 1920. Bariamu titaneti ilikuja miaka ya 1940, wakati wa Vita Kuu ya Pili, ikagunduliwa na watafiti wa Marekani, Urusi ya Kisovieti na Japani, kila upande kivyake. Leo simu janja moja hubeba mamia ya kapasita za kauri, nyingine ndogo kuliko punje ya mchele, zenye tabaka mamia zilizolaliana, kila tabaka jembamba kuliko mikromita moja. Huko hatufiki leo. Leo tunatengeneza kidonge kimoja cha tabaka moja, lakini tukitengeneze sawasawa.

Mizani sasa. Ukitaka gramu 100 za bariamu titaneti, unapima bariamu kaboneti gramu 84.62 na titaniamu dioksidi gramu 34.25. Jumla ni gramu 118.87. Zile 18.87 zinazozidi zitaondoka motoni kama kaboni dioksidi. Hesabu ni rahisi, na ndiyo sababu watu huidharau. Titaniamu dioksidi laini hunywa unyevu wa hewa. Ikiwa na maji asilimia 1 tu, gramu 34.25 ulizopima ni gramu 33.91 za titaniamu dioksidi halisi, na hapo bariamu imeshazidi kwa asilimia 1. Hata ukisaga wiki nzima, kosa hilo halitoki.

Kwa hiyo kausheni unga zote mbili kwa digrii 150 usiku kucha, ziachwe zipoe ndani ya chombo kilichofungwa chenye silika jeli, kisha zipimwe upesi. Bora zaidi, pima upotevu: chukua gramu 5 za titaniamu dioksidi, choma kwa digrii 900 saa nzima, poza, pima tena. Zikirudi gramu 4.96, imepotea asilimia 0.8. Basi badala ya 34.25 unapima 34.53. Kazi ya asubuhi moja, na inaokoa gramu 100 za unga.

Kwa nini asilimia 1 ituumize kichwa? Kwa sababu makosa ya pande mbili hayafanani. Bariamu ikizidi, huzaliwa kiwanja kingine chenye bariamu mbili kwa titaniamu moja. Hicho huzuia chembe kushikamana, na baada ya kuchomwa huvuta unyevu na kaboni dioksidi ya hewani. Kidonge cha nne hapa mezani ndicho hicho: bariamu ilizidi sana, kilitoka tanuruni kinaonekana kizima, sasa kingo zake zinamong'onyoka ukizipitishia ukucha. Titaniamu ikizidi, kinazaliwa kiwanja kinachoyeyuka pamoja na bariamu titaneti kwenye digrii 1,320 hivi. Kimiminiko hicho kikiwa kidogo sana kinasaidia kazi, kwa sababu hulainisha njia kati ya chembe na chembe. Ndiyo maana tunashauri titaniamu izidi kidogo kwa makusudi, asilimia 0.3, yaani kama gramu 0.10 juu ya zile 34.25. Mizani ya jikoni haiwezi kazi hii. Tafuteni inayosoma gramu 0.01, na inayosoma 0.001 ni bora.

Tahadhari hapa hapa, kabla hatujasahau: bariamu kaboneti ni sumu. Iliwahi kutumika kuulia panya. Asidi ya tumboni huiyeyusha, na bariamu iliyoyeyuka huvuruga moyo na misuli. Vaeni barakoa na glovu, msile wala kunywa chumbani humo, na aliyeimeza apelekwe hospitali papo hapo pamoja na chupa yenye lebo.

Kusaga ni kuchanganya, tena kuchanganya chembe kwa chembe. Chupa ya plastiki ngumu ya mililita 500, gololi za zirkonia, yaani kauri ngumu, za milimita 5 hadi 10 zenye uzito wa gramu 300 hivi, unga wako gramu 118.97 ukijumlisha ile nyongeza, na ethanoli mililita 150. Chupa yenye kipenyo cha ndani cha sentimita 9 izungushwe mara 85 hadi 95 kwa dakika, saa 12 hadi 24. Ikizungushwa karibu na mara 140, gololi hujibandika ukutani na kusaga kunakoma. Sikilizeni kwa sikio: gololi zinazofanya kazi hunguruma mfululizo kama mvua juu ya bati. Ukisikia kimya, au gongo moja moja zito, badilisheni mwendo.

Gololi za chuma msizitumie. Kinu cha kauri ya kawaida nacho huacha alumina na silika ndani ya unga. Na maji ya bomba yasikaribie kazi hii. Maji ya visima vya Makutupora yana chumvi, na sodiamu ikiingia kwenye fuwele hukaa mahali pa bariamu na kuvuruga umeme wake. Kama hakuna ethanoli, tumieni maji yaliyotoneshwa, lakini msimwage maji hayo baada ya kusaga, kwa sababu bariamu kidogo imeyeyuka humo. Mkiyamwaga mmebadilisha hesabu yote ya mizani. Kausheni yote pamoja, kwenye trei pana, kwa digrii 80 hivi, mkikoroga mpaka uji uwe mzito. Ukiuacha utulie, chembe kubwa na nzito hutangulia chini na juu hubaki mchanganyiko mwingine. Ethanoli inashika moto, kwa hiyo jiko la mkaa au la gesi lisiwepo chumba hicho.

Uchomaji wa kwanza si wa kutengeneza umbo. Ni wa kufanya kemia imalizike. Unga uwekwe kwenye bakuli la alumina, kina kisizidi sentimita 2 au 3 ili gesi itoke, upandishwe digrii 5 kwa dakika hadi 1,100, ukae saa 4. Kisha pimeni. Kama kila kitu kilikuwa kikavu, uzito umepungua kwa asilimia 15.9 hivi. Ukipungua 15 tu, kazi haijaisha. Kuna na kipimo cha fundi asiye na mashine: chukua unga kidogo kwenye kioo cha saa, dondoshea siki nyeupe, tazama kwa lenzi. Mapovu maana yake kaboneti bado imo. Wenye mashine ya eksirei ya fuwele watafute alama ya bariamu kaboneti karibu na pembe ya nyuzi 24, na waangalie kilele cha karibu na nyuzi 45 kama kimegawanyika viwili; kugawanyika huko ndiko kunakoonyesha kuwa fuwele imerefuka upande mmoja.

Watu wengine hupandisha uchomaji huu hadi 1,250 wakidhani wanajihakikishia. Wanapata mawe. Chembe zimeshaanza kushikana, na mabonge hayo hata yakisagwa huacha mapengo ambayo uchomaji wa mwisho hauyazibi. Ukibaki na kaboneti kwenye 1,100, saga tena, choma tena kwa joto lile lile. Baadaye unga urudi kwenye chupa na gololi, saa 24 nyingine na ethanoli, mpaka chembe ziwe karibu mikromita moja.

Sasa vumbi. Tazameni kidonge cha pili: kina madoa matatu ya kahawia, kila doa dogo kuliko kichwa cha pini. Hilo ni vumbi jekundu la hapa kwetu. Wekundu wa udongo wetu ni chuma, na chuma kikiingia katika bariamu titaneti hukaa mahali pa titaniamu kikiwa na chaji pungufu. Fuwele hufidia kwa kuacha nafasi tupu za oksijeni, na nafasi hizo hutembea chini ya volti. Kapasita ya namna hiyo huvujisha umeme, na ikikaa kwenye joto na volti kwa muda mrefu hufa kabla ya wakati. Kuanzia Juni hadi Oktoba, upepo wa Dodoma unapita hata kwenye dirisha lililofungwa. Basi kazi ya unga ifanyike asubuhi mapema upepo haujaamka, meza ipanguswe kwa kitambaa chenye maji, sakafu ipigwe deki wala isifagiliwe kwa ufagio, na kila bakuli liwe na kifuniko. Sanduku la plastiki angavu lenye matundu mawili ya kupitishia mikono hugharimu kidogo sana likilinganishwa na unga linaouokoa.

Ukame wa hapa unatuumiza na mahali pengine ambapo vitabu vya nchi za baridi havipataji, nako ni kwenye gundi. Unga mtupu haushikani kwenye kalibu, hivyo tunautia polivinili alkoholi. Kwa gramu 100 za unga, gramu 2 za gundi zinatosha: mililita 40 za maji yenye gundi asilimia 5, iliyoyeyushwa kwa maji ya digrii 85 hadi 90 huku ikikorogwa. Changanya, kausha nusu, pitisha kwenye chekeche yenye matundu ya milimita 0.25 upate punje ndogo zinazotiririka kama mchanga mkavu.

Gundi hii hulainishwa na unyevu wa hewa. Pwani punje hukaa laini, na kalibu ikizikandamiza zinapondeka na kujaza kila upenyo. Hapa mchana wa Septemba punje hukauka zikawa ngumu kama mtama. Ukizikandamiza hazipondeki, hubaki mviringo, na kati yake mna matundu ambayo yatakuwepo hadi mwisho. Kidonge kikitoka kwenye kalibu kinaonekana kizuri, lakini kinavunjika ukikishika kwa vidole viwili. Dawa yake ni hii: usiku wa kuamkia siku ya kukandamiza, weka punje kwenye bakuli wazi ndani ya ndoo yenye mfuniko, pembeni uweke kikombe cha maji yaliyokolezwa chumvi ya mezani mpaka chumvi ibaki chini haiyeyuki. Maji hayo hushikilia unyevu wa ndani ya ndoo kwenye asilimia 75 hivi. Asubuhi punje ziko tayari. Zikikaa siku tatu zitagandana, kwa hiyo usiku mmoja tu.

Kalibu ya milimita 13 inachukua gramu 0.8. Kuta zake zipakwe asidi ya stearini iliyoyeyushwa kwenye asetoni, tabaka jembamba linalokauka mara moja. Tunataka shinikizo la megapaskali 100, na kwa kipenyo hicho ni tani 1.35 kwenye jeki. Jeki ya gari inaweza, mradi iwe na geji inayosoma tani ndogo. Pandisha taratibu, shikilia dakika moja, kisha shusha taratibu zaidi ya ulivyopandisha. Anayefungua vali ghafla hupata kidonge cha tatu pale mezani: kofia ya juu imebanduka kama ganda la kitunguu. Hewa iliyobanwa ndani ilitafuta njia, na kidonge kilichojibana kilitanuka kwa mara moja. Wengine wakiona mpasuko huo huongeza nguvu. Ni kinyume, punguzeni. Juu ya megapaskali 200 kwa kalibu ya namna hii mnanunua mipasuko.

Tukifika tanuruni, gundi itoke kwanza. Digrii 1 kwa dakika hadi 550, ikae saa nzima, tundu la hewa likiwa wazi. Gundi nyingi huondoka kati ya 200 na 400, na hapo ndipo haraka inapoua: gesi hupasua kidonge, au kaboni inabaki katikati, na ukikivunja unaona moyo wa kijivu.

Baada ya hapo ndiyo kazi yenyewe, ambayo hapa tutaiita kusinta: unga uliokandamizwa huchomwa mpaka chembe zishikamane na matundu yafungwe, bila kidonge kuyeyuka. Digrii 3 hadi 5 kwa dakika hadi 1,320 au 1,350, saa 2, kisha kushuka kwa mwendo ule ule. Kidonge kisikae moja kwa moja juu ya alumina, maana vitashikana. Nyunyiza chini yake unga wa bariamu titaneti uliokwisha chomwa, au tumia kipande cha zirkonia. Kidonge cha milimita 13 kitatoka na milimita 10.8 hivi. Kama kimetoka na 12, hakijaiva.

Kinachotokea ndani kinahitaji maneno. Hadi digrii 1,250 hivi chembe husogeleana polepole. Karibu na 1,320 kile kimiminiko cha titaniamu iliyozidi huonekana, na ghafla punje chache huanza kumeza jirani zake. Punje ya mikromita 1 hufika mikromita 20, 50, hata zaidi. Anayedhani punje kubwa ndizo bora apime: bariamu titaneti yenye punje za karibu mikromita 1 huhifadhi chaji hadi mara 5,000 kuliko ombwe, na yenye punje kubwa hurudi kwenye 1,500 au 2,000. Katika punje ndogo kuna kuta nyingi zaidi kati ya maeneo ya mwelekeo mmoja, na kuta hizo ndizo zinazosogea volti inapobadilika. Kwa unga wa kusagwa kama wetu, kuupata msongamano mzuri na punje ndogo kwa pamoja ni kazi ngumu. Viwanda hutumia unga laini mara kumi zaidi na kuuchoma chini ya joto la kimiminiko. Sisi tutaridhika na 1,800, lakini tujue tunaridhikia nini.

Kidonge cha tano ndicho kilichopita kiasi. Kimejikunja kama chipsi, na upande wa chini kimeng'ang'ania kipande cha bamba. Aliyekichoma anaweza kuapa kwamba skrini ilisoma 1,340, na asiwe mwongo. Skrini husoma ncha ya thamokapo, yaani nyaya za kupimia joto, nayo ncha iko ukutani wala haiko kwenye kidonge. Tena thamokapo ya aina ya K ikizoeshwa juu ya 1,200 hupotoka. Kwa kazi hii nunueni ya aina ya S, ya platini na rodiamu. Na mkitaka kujua tanuru lenu linadanganya kwa kiasi gani, nendeni kwa sonara mpate uzi mwembamba wa dhahabu ya karati 24, kipande cha milimita 3. Kiwekeni pale kidonge kinapokaa. Dhahabu safi huyeyuka kwenye 1,064. Pandisheni hadi skrini isome 1,055, subirini nusu saa, zimeni, poza, tazameni. Rudieni kwa hatua za digrii 5 mpaka uzi uwe shanga. Mkiona shanga skrini ikisoma 1,085, mnajua pengo ni digrii 20. Fedha haifai kipimo hiki, kwa sababu hewani hufyonza oksijeni na kuyeyuka mapema zaidi.

Umeme ukikatika katikati ya safari, msifungue mlango. Ukikatika chini ya 550, anzeni upya, hamjapoteza kitu. Ukikatika kwenye kilele, andikeni dakika zilizokwisha pita, acheni vipoe, na vidonge hivyo visichanganywe na vya safari nyingine hata kama vinaonekana sawa. Kidhibiti cha tanuru kipangwe hivi: umeme ukirudi na joto limepungua kwa digrii zisizofika 50, kiendelee; limepungua zaidi ya hapo, kisimame. Kilichopangwa kuendelea bila masharti kitapandisha vidonge mara ya pili usiku hakuna mtu.

Kujua kama kimeiva, dondosha tone la wino wa kalamu. Hesabu hadi 60, pangusa kwa kitambaa chenye maji. Wino ukitoka wote, matundu ya nje yamefungwa. Ukiacha kivuli, kidonge bado kinakunywa. Kwa namba kamili, tumieni njia ya Archimedes: pima kikiwa kikavu, kichemshe majini saa 2, pima kikiwa kimening'inia majini, pima kikiwa kimelowa. Uzito mkavu gawanya kwa tofauti ya mbili za mwisho. Bariamu titaneti isiyo na tundu ni gramu 6.02 kwa sentimita ya ujazo. Sisi tunataka 5.7 kwenda juu. Hapa Dodoma maji huchemka kwenye digrii 96 hivi kwa sababu tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Kipimo hakidhuriki na hilo.

Kilichobaki ni kifupi. Sugueni kidonge kwa msasa hadi unene wa milimita 1, kisafisheni, pakeni rojo ya fedha pande zote mbili kwa mduara wa milimita 9, mchome kwa 700 dakika 15. Ukingo uachwe wazi. Fedha ikimwagikia ubavuni, cheche itaruka hapo. Mkipima kwa kilohezi 1, kidonge chenye kipimo cha 1,800 kitasoma karibu nanofaradi 1, ile ile inayoandikwa 102 kwenye kapasita ya dukani. Subirini saa 24 baada ya kutoka motoni kabla ya kuandika namba, kwa sababu kauri hii huzeeka: uwezo wake hushuka haraka saa za mwanzo, kisha polepole.

Mafundi wa kutengeneza vifaa, hili ni lenu: kapasita ya daraja la X7R hubadilika si zaidi ya asilimia 15 kati ya digrii 55 chini ya sifuri na 125 juu. Y5V inaruhusiwa kupoteza hadi asilimia 82 ikifika 85 au ikishuka hadi 30 chini ya sifuri. Ukiweka Y5V mahali pa X7R kwenye kifaa kinachokaa juani kutwa, kitarudi mezani kwako.

Wapo wanaotaka kutoka kwenye kapasita waende kwenye piezo, ile kauri inayotoa sauti kwenye kengele za saa na cheche kwenye viberiti vya gesi. Kidonge hiki hiki kinaweza: kitieni kwenye mafuta ya silikoni ya digrii 100, volti 2,000 kwa kila milimita ya unene, nusu saa, kisha kipoe volti ikiwa bado imo. Iwepo rezista ya megaomu kadhaa kwenye njia, na fimbo ya kutolea chaji kabla mkono haujagusa. Lakini piezo zenye nguvu zaidi ni za risasi, zirkoniamu na titaniamu, familia iliyopata nguvu baada ya kazi ya Bernard Jaffe na wenzake Marekani mwaka 1954. Oksidi ya risasi huanza kuruka kama mvuke kabla kauri haijaiva, na mvuke huo huingia mapafuni. Tunasema wazi: chumba kisicho na bomba la kuvuta hewa nje, na watu wasiopimwa risasi kwenye damu, kauri ya risasi isitengenezwe humo.

Swali la malighafi huulizwa kila mahali. Mchanga mzito wa pwani ya Tanga una titaniamu na zirkoniamu, chuma cha Liganga kina titaniamu, na nikeli ya Kabanga ni ya jamii ile ile inayotandazwa ndani ya kapasita za tabaka nyingi. Ila kati ya mchanga na unga wa usafi wa asilimia 99.5 kuna kiwanda kizima cha kemia. Tuanze kwa unga wa kununua, tujenge mikono inayojua kuutumia, ili siku kiwanda hicho kikija kikute watu.

Gramu 100 zinatoa vidonge zaidi ya 100. Kwa mara ya kwanza chomeni vitano kwa 1,280, vitano kwa 1,300, vitano kwa 1,320, vitano kwa 1,340 na vitano kwa 1,360, kila safari kwa siku yake, na kila kidonge kiandikwe kwa penseli chini kabla hakijaingia, namba ile ile iwe daftarini. Penseli itaungua, hivyo andikeni na nafasi ya kila kimoja kwenye bamba.

Wino uko hapa, kitambaa kiko hapa, na lenzi mbili. Karibuni mezani, kumi kumi. Kile cha nne kishikeni taratibu.